Mwalimu wangu wa Kihispania amefariki, na mke wangu anauliza alikuwa nani kwangu

Mama, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mwenyeji wa Same, naishi Moshi na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kuongoza watalii Mlima Kilimanjaro, hasa wageni wanaozungumza Kihispania. Februari mwaka huu mama aliyenifundisha lugha hiyo alifariki dunia. Sasa yapata miezi mitatu, ni masika, wageni hakuna, nashinda nyumbani, na sijawa sawa. Juzi mke wangu aliniuliza kwa upole tu: "Baba watoto, kwani yule mama alikuwa nani kwako?" Nikakosa jibu. Hakuwa ndugu yangu. Yeye Mchaga, mimi Mpare. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri. Msibani kila mtu ana mahali pake: watoto, wakwe, majirani, jumuiya, wenzake wa kikoba. Mwanafunzi wa jioni anakaa wapi?

Nieleze tulivyokutana. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka minne ya upota. Nilitaka kuomba nafasi ya kiongozi msaidizi, nikapeleka maelezo yangu yakachapwe kwenye duka la fotokopi karibu na soko la Mbuyuni. Mama wa pale alikuwa akichapa huku anasoma kwa sauti. Alipofika kwenye orodha ya kambi nilizolala, nilikuwa nimeandika "Baranko". Akaacha kuchapa.

"Unajua maana ya neno hili?"

"Ni kambi, mama. Ina ukuta wake wa mawe, tunaupanda asubuhi."

"Ni korongo. Barranco, Kihispania. Miaka minne umebeba mizigo ya watu huku unasema Kihispania, na hakuna aliyekuambia."

Akaongeza r moja, akaweka c mahali pa k, na ukurasa ule hakunitoza. Jumanne iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake.

Alikuwa amesoma Cuba miaka ya 80, akakaa huko miaka sita. Darasa lilikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi: mabenchi mawili, ubao uliokuwa mlango wa kabati akaupaka rangi nyeusi, chaki ndani ya kopo la Blue Band. Jumanne na Alhamisi, saa 11 jioni mpaka giza liingie. Tulikuwa mapota, wapishi wa mlimani, binti wa mapokezi hotelini, kijana wa bajaji. Ada ilikuwa shilingi 3,000 kwa kipindi, kwa mwenye nayo. Tulimwita Profe. Alituambia lugha hii ni rasmi katika nchi 20, na moja iko Afrika hapa hapa, Guinea ya Ikweta, kwa hiyo tusiione kama kitu cha watu wa mbali.

Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe fupi au refu. Kihispania hakitulii hivyo. Profe aligonga meza kwa chaki mahali penye mkazo. Papa, pigo la kwanza: kiazi. Papá, pigo la mwisho: baba. "Mgeni akikuonyesha picha ya babake, usimsifie kiazi chake." Chaki ilivunjika, akaokota kipande, akaendelea na kipande. Mpaka leo nikiwa njiani na wageni nagonga fimbo kwenye jiwe nikitafuta mkazo wa neno, na wao hawajui nafanya nini.

Na kuna ser na estar. Kiingereza kinavibana viwili hivyo kuwa kitenzi kimoja, ndiyo maana waliojifunza kwa kupitia Kiingereza wanateseka navyo miaka. Profe alitumia dakika tano. "Ser ni 'ni'. Estar ni 'yuko'. Mimi ni Mchaga, niko Moshi. Mmezaliwa nayo." Siku nyingine akatuuliza, mtu aliyekufa tunamsema kwa kipi? Wote tukajibu ser, maana kifo hakina kurudi. Akatikisa kichwa. Está muerto. Kihispania kinamsema marehemu kwa kitenzi cha yuko. Tulibishana naye mpaka taa za sokoni zikawaka. Tukiondoka alisema "hasta el jueves", tuonane Alhamisi, na alitufundisha kwamba hiyo hasta na "hata" yetu ni neno moja la Kiarabu lililosafiri njia mbili, moja ikaenda Hispania, nyingine ikaja pwani. Wazee walisema "toka asubuhi hata jioni", na Mhispania naye anaisema hivyo hivyo.

Mwaka 2020 watalii walipokatika, nilikuwa sina hata nauli. Akasema njoo tu, tutaandika. Akawa anaandika kwenye kaunta buku, kipindi kwa kipindi. Deni likafika shilingi 180,000. Kazi iliporudi nilianza kulipa mambo mengine, kodi, ada, bati za nyumba ya mama kule Same. Yeye hakudai hata siku moja. Na mimi nikazoea.

Februari nilipanda na wageni wanne kutoka Zaragoza, Hispania, njia ya Lemosho, siku 8. Tulianza Jumatatu. Profe alikuwa ameanguka kwa presha Jumapili, mimi sijui. Alifariki Jumatano. Ijumaa tulifika kambi ya Karanga, simu ikakamata mtandao, jumbe zikaingia zote kwa mpigo. Maziko yalikuwa kesho yake, Kibosho, kwenye kihamba cha kwao, shamba la ukoo. Mama, Kibosho iko chini ya Karanga. Kungekuwa hakuna mawingu ningeona migomba yao. Nilisimama pale, wanamzika chini ya miguu yangu, na mimi siwezi kushuka. Sikumwambia mgeni hata mmoja. Jumapili alfajiri tulifika kileleni, mita 5,895, na nikaimba nao na kucheza.

Usiku ule wa Karanga, ndani ya hema, nilikuwa nasoma tena kundi letu la WhatsApp. Mwenzetu mmoja ameandika: Que descanse en paz, Profe. Chini yake mwingine: Apumzike kwa amani. Kuna somo moja lilikuwa limenishinda mwaka mzima, wao wanaliita subjuntivo. Profe alijaribu kila njia, mwisho akaniambia, "Itakuja yenyewe, usiikimbize." Sasa nikaiona. Descansa, descanse. Anapumzika, apumzike. Ile a ya mwisho inageuka e, kwao na kwetu, pale mtu anapoomba jambo asiloliweza mwenyewe. Vipo vitenzi vinavyokwenda kinyume, come inakuwa coma, lakini mlango ni ule ule. Nilishika simu nimpigie. Namba ilikuwa imeshatokea kwenye kioo ndipo nikakumbuka. Mtu wa kumwambia nimeelewa hayupo.

Yaliyobaki ni haya. Nilitumiwa picha ya wasifu uliosomwa makaburini. Ukurasa mzima, na kuhusu sisi kuna mstari mmoja: "Pia alijishughulisha na kufundisha lugha." Uliniuma sana. Wenzangu saba waliokuwa wakiendelea na darasa wanataka mimi nilishike, na mimi si mwalimu, sarufi yangu ina matundu. Wageni wananiambia nazungumza kama Mcuba, nameza s za mwisho, na daladala naiita guagua. Nitawapa watu makosa. Kundi limeanza kugombana juu ya fulana zenye picha yake, 30,000 kila mtu. Binti yake amenipigia, wanafunga duka mwisho wa mwezi, nije nichukue kilicho changu. Sijaenda. Sina uso wa kwenda. Na kwenye simu yangu kuna ujumbe wake wa sauti aliotuma Jumamosi kabla sijapanda, dakika 2 na sekunde 10. Nilisema nitausikiliza nikishuka. Sijaufungua mpaka leo.

Nifanye nini, Mama?

Mwanafunzi wa Profe, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakupa pole ya mfiwa, kama ningekukuta umekaa kwenye mkeka siku ya kwanza ya matanga.

Naanza na swali la mke wako, kwa sababu nalisikia tofauti na unavyolisikia wewe. Wewe umelisikia kama anakuuliza una haki gani ya kulia. Mimi nasikia mwanamke anayeomba asimuliwe. Fikiria alichokiona yeye miaka yote hii: mume anayechelewa kurudi Jumanne na Alhamisi, ana vumbi la chaki kwenye suruali. Benchi hajaliona. Kugongwa kwa meza hajakusikia. Chakula kinachoingia ndani mwako kimetokana na mdomo uliofundishwa na mama huyo, na mke wako hajui hata sauti yake ilikuwaje. Mwambie habari ya Baranko, kama ulivyoniandikia mimi, na ile r aliyoiongeza na ukurasa ambao hakuutoza. Usitafute jina la undugu. Ukimaliza kumsimulia hatakuuliza tena, na nadhani atataka kwenda na wewe Kibosho. Nenda naye.

Kuhusu mahali pa kukaa, nikueleze jambo la kwetu. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Mwika. Alipofariki tulizika, watu wakatawanyika. Zaidi ya wiki mbili baadaye akaja mzee mmoja kwa miguu, amevaa koti la mvua, hakuna aliyemfahamu. Alichelewa kupata habari. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akakataa kiti, akatuambia kwamba mwaka 1970, ule mwaka Serikali ilioutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, baba yetu alimfundisha kusoma usiku, kwa kibatari, kwenye ghala la kahawa. Sisi watoto wake sita hatukuwahi kusikia habari hiyo. Tulijua baba mkali wa shamba. Mzee yule akatoa mfukoni barua aliyowahi kumwandikia mwanawe aliyekuwa jeshini, barua yake ya kwanza maishani, mistari minne imepinda, akatusomea. Mama yangu aliomba arudie. Akarudia. Katika wote waliotufariji, na walikuwa wengi, ndiye peke yake ninayemkumbuka alichosema neno kwa neno. Hakuketi na wakwe wala na majirani. Alikaa jikoni na tukamsogelea sisi.

Kwa hiyo mstari ule mmoja wa wasifu usiwachukie kwa ajili yake. Wasifu huandikwa usiku, na watu waliolia mchana kutwa, wakijaza ukurasa kwa wanachokijua. Watoto wale walijua mama. Saa 11 jioni walikuwa kwenye masomo yao au kwenye kazi zao Dar, hawakuwa nyuma ya mashine ya fotokopi. Wameandika "alijishughulisha na kufundisha lugha" kwa sababu hakuna aliyewaambia kingine, na aliyepaswa kuwaambia ni wewe na wenzako.

Andika ukurasa uliokosekana. Usiandike kwamba alikuwa mwalimu mwema mwenye upendo. Hayo yameshasemwa makaburini, na yanasemwa kwa kila mtu. Andika mlango wa kabati. Andika kopo la Blue Band. Andika kiazi na baba, na jinsi alivyookota kipande cha chaki. Andika mlivyobishana juu ya marehemu kuwa "yuko". Mwombe kila mmoja wa wale saba aongeze la kwake kwa mkono wake, hata kama mwandiko ni mbaya. Yule wa bajaji ana lake, yule binti wa mapokezi ana lake. Mpe binti wa Profe mkononi, kwenye bahasha, si kwa simu. Desemba wakirudi nyumbani wote, kama Wachaga tunavyorudi, watakaa chini ya migomba yao waisome pamoja, na wajukuu watasikia.

Sasa duka. Hapa nakuharakisha. Umesema mwisho wa mwezi. Unajua karatasi zilizoandikwa zinavyokwisha katika mji wetu: zinauzwa kwa kilo, na baada ya wiki unafungiwa maandazi ndani ya mwandiko wa mtu unayempenda. Nenda wiki hii. Omba madaftari yake ya kufundishia na ule ubao. Nimesema omba. Ni vitu vya familia, na binti anaweza kutaka kubaki na baadhi, ni haki yake, yeye ndiye aliyefiwa na mama. Lakini akiviona mikononi mwa mtu anayejua ni nini, nadhani atakuachia. Na kama kaunta buku la madeni bado lipo, lifunguliwe wewe ukiwepo.

Hilo la 180,000 ndilo nililolisoma mara mbili. Kwenye mazishi yetu husimama mtu akatangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. Wewe hukuwepo kulisikia tangazo, lakini linakuhusu. Peleka fedha yote. Kama haijatimia, masika yamekubana, peleka uliyonayo na useme lini unamalizia. Usiichanganye na rambirambi. Rambirambi ni huruma yako, hii ni ya kwake, aliifanyia kazi kila jioni mwaka ambao wengine walikufungia milango. Useme wazi, "Hili ni deni, mama yenu alinikopesha masomo." Nina hakika neno hilo litawafaa wale watoto kuliko noti zenyewe. Wakikurudishia, pokea, usishindane nao mlangoni kwao.

Unasema huna uso kwa sababu hukuzika. Mwanangu, ulikuwa karibu mita 4,000 juu, na wageni wanne waliokukabidhi uhai wao na vijana wako waliobeba mizigo. Kiongozi hawaachi watu mlimani. Profe alijua kazi yako ni nini, ndiyo aliyokufundishia. Ungeshuka usiku kupitia msitu ule ukavunjika mguu, au mgeni wako akazidiwa huku haupo, ungemheshimu kwa lipi? Na kuimba kileleni nako umejihukumu bure. Wageni wale walikuwa wamefika mahali walipopaota, na uliwaimbia kama inavyotakiwa.

Najua hayo hayatakuingia kwa kusoma tu. Ndiyo maana nakwambia nenda na isale. Wewe ni Mpare, huenda umeyaona majani yale kila siku ukipita vihambani ukadhani ni ua la uzio. Ni marefu, yamechongoka, yameota mipakani na kwenye makaburi ya wazee wetu. Kwetu Uchagani mtu aliyekosea huenda kwa aliyemkosea ameshika jani la isale, na likishapokelewa, maneno yamekwisha, hayafufuliwi. Ukishuka kwenye gari Kibosho mwombe jirani yeyote mwenye kihamba akukatie moja, mwambie unakwenda wapi. Hatakuuliza zaidi. Liweke kaburini. Halafu kaa kidogo umwambie kwa Kihispania hayo ya Karanga, mke wako akiwa amesimama pembeni. Asipoelewa maneno ataelewa.

Fulana ni jambo dogo. Anayetaka avae, asiyetaka asilazimishwe, na mtu asiondolewe kwenye kundi kwa sababu ya 30,000. Kama mnatafuta siku ya kumkumbuka pamoja, yeye alikuwa Mkatoliki, na tarehe 2 Novemba kanisa lake linawaombea marehemu wote. Huko Mexico siku hiyo familia hupanga meza yenye picha ya marehemu, maua na chakula alichokipenda. Mkienda Kibosho siku hiyo na maua, mtakuwa mmemkumbuka kwa lugha zake zote mbili.

Ujumbe wa sauti hauna haraka. Kitu kimoja tu, leo hii mwombe kijana anayejua simu akutolee nakala aihifadhi mahali pengine pawili, maana simu za watu wa mlimani zinaanguka na kuloa. Ujumbe ukishakuwa salama, unaweza kukaa bila kuufungua mwaka mzima ukitaka. Siku utakayousikiliza, usiwe peke yako njiani.

Nimeliacha darasa mwisho kwa sababu ndilo nilitaka kulisema tangu nilipofika kwenye aya ile ya hema. Umeniandikia kwamba mtu wa kumwambia umeelewa hayupo. Mwanangu, wapo saba. Somo lililokushinda mwaka mzima linawashinda na wao hivi sasa, na wewe ndiye uliyeliona, usiku, kwenye baridi, kwa gharama ambayo hakuna mwalimu angekutoza. Waambie ukweli tangu mwanzo, kwamba wewe umefika hapa na mbele ya hapa hujafika, mtasoma madaftari yake pamoja. Hawajakuomba uwe Profe. Wameomba mtu wa kufungua mlango Jumanne. Na hizo s unazozimeza, hebu usiziite makosa. Wanaozungumza hivyo Cuba ni mamilioni. Mgeni wa Zaragoza anaposema umeongea kama Mcuba, amemsikia yeye. Wafundishe wanafunzi wako kuitamka s, maana wageni wengi wataitarajia, na wewe endelea kumeza yako.

Kama duka litakuwa limefungwa, ubao unaegemea ukuta wowote. Varanda yako inatosha. Ukishautundika, andika descansa, na chini yake anapumzika. Kisha andika descanse, na hapo chini uache pa wazi, upige meza mara moja kwa chaki, unyamaze. Usiwaambie. Wewe hukuambiwa, na ilikuja. Mmoja wao atasema apumzike, mwingine ataiona ile e. Vile vinavyokwenda kinyume, coma na wenzake, ni vya Alhamisi.